Jina la Tisa

Kwetu Buha mtoto wa saba ni Nyandwi,
wa nane Minani,
wa tisa Nyabenda.
Jina linamsubiri mtu kabla hajatungwa,
kama kanga iliyotundikwa nyuma ya mlango
ikimngoja mgeni wa usiku.

Mimi niliishia kwa Minani.

Alikuja na damu iliyolowesha godoro mpaka chaga.
Pikipiki ilizima mara mbili mlimani Kalinzi,
na shemeji aliyeniendesha
alilia kuliko mimi.
Miezi mitatu baadaye nilirudi hospitali
kwa miguu yangu mwenyewe.
Nesi akanivuta pembeni: Una hakika?
Akaandika kitu. Akauliza tena.
Mara ya tatu nikamwambia, mama,
naona unaogopa wewe.
Nikaweka dole gumba.
Wino ule ulikaa kwenye ukucha siku nne.
Nilimenya mihogo nao.

Kitanda cha pili alikuwa Zuwena wa Ujiji,
miaka ishirini na saba, watoto watatu, anacheka.
Nimechoka, alisema, kuhesabu siku kama mdeni.
Tulishonwa asubuhi moja.
Tulinywea uji kikombe kimoja
maana kile kingine kilivuja.

Raha yake sitaificha.
Mwezi ukiandama siutazami kwa hofu.
Mkaa niliokuwa nikichorea siku ukutani
sasa naupikia.
Nasimama kwenye pipa la mawese tangu alfajiri,
nakoroga, naengua, nakoroga,
na mgongo ni wangu, matiti ni yangu,
usingizi ni wangu mpaka jogoo wa pili.
Nyandwi ana viatu vya shule, na vyote viwili ni vyake.
Mume wangu akinigusa usiku
siulizi mkono ule umekuja kuniachia nini.
Nimenenepa. Mawifi wanasema nimenenepa kama tasa.
Wacha waseme.
Tasa gani huyu, sinia lake lina midomo minane?

Zuwena mumewe alipanda treni.
Wiki mbili tu, Tabora, alisema.
Huu mwaka wa tano.
Sasa amepata mwingine, mpole, fundi cherehani,
hajawahi kuitwa baba na mtu yeyote.
Kila Jumamosi Zuwena hunijia sokoni Mwandiga
kukopa mawese, na hela anayo.
Anataka tu pa kusimama.

Hivi, aliniuliza, ule uzi,
hawawezi kuufumua?

Nikasema sijui.
Najua.
Nesi alilisema mbele yetu wote wawili,
hili ni la moja kwa moja, mmenielewa?
na Zuwena ndiye aliyecheka.
Sikumkumbusha.
Dole lilikuwa lake, ndiyo,
ila lile dole lilikuwa na mume,
lilikuwa na mwaka wake.
Nilimjazia chupa mpaka shingoni
nikaandika nusu.

Na mimi?
Juzi jirani aliniachia kichanga chake aende kisimani.
Utosi ulikuwa unapiga, unapiga.
Nikanusa pale.
Maziwa hayakutoka, lakini kifua kilikumbuka njia.
Nikamrudisha haraka, nikasema nina mafuta motoni.
Sikuwa na mafuta motoni.
Majuto? Sijui kama niyaite hivyo.
Kuna kitu cha ukubwa wa kovu
kinachowasha mvua ikikaribia,
nakikuna, kinanyamaza,
na kesho ukiniuliza nitaweka dole lilelile.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napima lita ya mteja,
Zuwena yuko ubavuni pangu, kimya,
mtu mmoja akaita kutoka upande wa ndizi:
Nyabenda! Weee Nyabenda!

Niligeuka.
Mafuta yakamwagika mkononi.

Zuwena naye aligeuka,
ingawa kwao Ujiji
hawahesabu hivyo.